Rangi ya Siku Nne

Katika mji wa Unguja, kila mwezi wa Ramadhani unapoukaribia ukingo wake, huzuka katika nyumba nyingi swali ambalo zamani halikuwako, au lilikuwako kwa sura nyingine: mtoto wa kike mwenye umri wa miaka minane, anayetaka kwenda viwanja vya Mnazi Mmoja siku ya Idi hali msuko mmoja wa nywele zake umegeuzwa zambarau, akubaliwe au akataliwe? Wenye haraka hulikata swali hili kwa neno moja, wakageukia bei ya nyama na vitambaa. Mimi si miongoni mwao, kwa sababu naona ndani ya swali hili mna elimu ya dawa, mna fikihi, mna ada za wazee na kanuni za skuli, na juu ya hayo yote mna haki ya mtoto, ambaye kichwa kinachosemwa ni chake.

Sauti nilizozikusanya hapa chini si za watu fulani. Ni za mama, bibi, mjomba, msusi na walimu wa namna ambayo msomaji wa pwani amekwisha kuisikia nyumbani kwake au kwa jirani, nami nimezikutanisha ukumbini baada ya tarawehe, kahawa na tende zikiwapo, kila mmoja akipewa ruhusa ya kumkatiza mwenzake kwa staha.

MAMA: Mwenye ombi ni mimi, basi nianze. Binti yangu ameona rangi katika nywele za watoto wenzake, akaniomba kwa adabu, tena si mara moja. Siku ya Idi anavishwa gauni jipya lenye marinda, anatiwa hina viganjani, anapakwa wanja, anavikwa bangili mpaka karibu na kiwiko, na katika yote hayo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Iweje pambo moja, tena la kupita, ndilo liitiwe baraza?

BIBI: Liitiwe baraza, mwanangu, kwa kuwa hayo mengine uliyoyataja tunajua yalikotoka na tunajua yanakokwenda. Majani ya mhina huchumwa, huanikwa, hutwangwa, huchekechwa mpaka unga uwe laini, hukandwa kwa maji na ndimu, huachwa mpaka yatoe rangi yake; na mkono unaopaka ni mkono wa mtu anayemjua mtoto huyu tangu alipotolewa nje siku ya arubaini. Hiyo zambarau yenu nani aliyeipika, na kwa kitu gani? Tena sikiliza la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Katika nyumba hii mapambo yalikuwa na daraja zake: la mtoto, la mwari, la bibi arusi, la mke aliyemo ndani ya ndoa yake. Mtoto alikuwa akimtazama mkubwa amepambwa akatamani, na kule kutamani kulikuwa sehemu ya utoto wake. Ukimpa yote angali na miaka minane, atakapofika kumi na minane utampa nini?

MJOMBA: Mama, niwie radhi, maana nitasema kinyume chako nami ni mwanao, lakini kazi yangu ni ya famasi, na nikinyamaza hapa nitakuwa nimeila bure ijara yangu. Sote tumekaa tukizungumza kana kwamba hina ndiyo ya kupita na rangi ya dukani ndiyo ya kudumu, ilhali kwa habari ya nywele mambo huweza kuwa kinyume kabisa. Unywele una ganda la nje la magamba membamba yaliyopandana kama vigae vya paa, na ndani ya ganda hilo ndimo ilimo melanini, ambayo ndiyo weusi wetu. Chaki ya nywele na nta ya rangi hukaa juu ya magamba, hazina njia ya kuingia, na maji na sabuni vikija zinaondoka. Hina haiko hivyo. Rangi yake hushikamana na unywele wenyewe. Kiganja hutakata baada ya wiki mbili tatu kwa sababu ngozi hujivua tabaka lake la juu, lakini unywele hauna tabaka la kujivua, na sehemu iliyotiwa hina hubaki na hina, ikififia polepole, mpaka siku itakapokatwa. Mjukuu wako akitiwa hina kichwani usiku wa kuamkia Idi hii, yamkini Idi ijayo itamkuta angali nayo, ingawa juu ya nywele nyeusi haitaonekana ila juani, kwa wekundu kidogo.

BIBI: Kwa hiyo umri wangu wote nimejitia rangi ya kudumu nisijue?

MJOMBA: Ulijua, Mama. Ndiyo maana uliipenda.

BIBI: Endelea, mtoto wa kisasa.

MJOMBA: Maadamu nimepewa wasaa, niongeze jambo lisilosemwa sana. Wako watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao chembe nyekundu za damu yao huvunjika zikikutana na baadhi ya dawa na baadhi ya vyakula. Upungufu huo hurithiwa, nao umeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa tangu kale, na pwani yetu ni mojawapo. Vitabu vya tiba vimeandika habari za watoto wachanga na wadogo wenye upungufu huo waliopakwa hina mwilini, damu ikavunjika, wakapata manjano na kuishiwa damu. Sisemi hina iharamishwe, lahaula. Nasema tu kwamba aliyeuliza zambarau imepikwa na nani naye ana wajibu wa kuuliza damu ya mtoto anayempaka hina ni ya namna gani.

Lakini kimoja sitakihurumia, nacho ni piko. Unga ule mweusi ambao wapambaji huutia katika hina ili ikolee, au huutumia peke yake kuchorea maua, hauna nasaba yoyote na mhina. Ni dawa ya kutia nywele weusi, na aghalabu ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo wenye elimu hiyo huifupisha wakaiita PPD. Sheria za Umoja wa Ulaya huikubali katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapofika kichwani, haziikubali kupakwa ngozini, na huamuru kopo liandikwe kwamba halikukusudiwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 16. Hapa kwetu hupakwa ngozini, kwa saa nyingi, mikononi mwa watoto, na hupakwa pia watoto wa wageni ufukweni kwa jina la hina nyeusi. Mtoto anaweza kutoka malengelenge yakifuata mistari ya ua lilelile alilochorwa, na kovu likabaki. Baya kuliko kovu ni kwamba mwili ukishaikataa dawa ile hausahau: atakapokuwa mwanamke wa miaka 40 mwenye mvi za kwanza, kopo la kawaida la rangi ya nywele linaweza kumvimbisha uso na macho.

MAMA: Kaka, sikuomba piko. Wala sikuomba nywele zake zipaushwe kama nilivyoona kwa wengine. Nimeomba rangi ya kuoshwa, basi.

MJOMBA: Na hiyo ya kupausha ni vizuri umeitaja mwenyewe. Nywele nyeusi hazipokei kwa urahisi rangi zinazong'aa, ndiyo maana watu huzipausha kwanza kwa haidrojeni peroksaidi, ambayo huiharibu melanini ndani ya unywele. Na kilichoharibiwa humo hakirudi, mpaka nywele mpya ziote. Nazo hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwezi. Msuko wa sentimita 15 uliopaushwa kwa ajili ya sikukuu ya siku nne utadai mwaka mzima na zaidi kabla haujarudi ulivyokuwa.

MSUSI: Sasa mniruhusu na mimi, kwa kuwa nyote mmesema na hakuna hata mmoja wenu aliyeshika chanuo. Wateja wengi hununua chaki ya nywele, wakaisugua kwenye nywele kavu, wakaja kwangu kunung'unika kwamba wameuziwa uwongo. Chaki hutaka nywele nyeusi ziloweshwe kidogo kwanza, unyevu tu, ndipo ishike na ionekane. Hata hivyo, kwa nywele za watoto wetu, zilizojikunja na zenye weusi wa kweli, mimi sikupendekezei chaki kwanza. Nakupendekezea nta ya rangi, ile inayokuja katika kopo kama mafuta mazito. Yenyewe huufunika weusi badala ya kushindana nao. Unachukua shungi dogo, unalipaka kwa vidole kuanzia katikati kwenda nchani, ukiliacha shina bila rangi ili isifike ngozini, unalisokota, unaliacha likauke. Likikauka hulishiki tena, wala humwachi mtoto alishike. Mabegani unaweka kanga kuukuu. Usiku anafungwa kichwa kwa kitambaa, la sivyo foronya itakuwa shahidi dhidi yako. Ukitaka kuitoa, unaosha kwa shampuu mara moja au mbili, kisha unampaka mafuta ya nazi, kwa sababu rangi hizi, hasa chaki, hukausha nywele.

MAMA: Na ile ya kupuliza?

MSUSI: Hupendeza, na huisha upesi, lakini hutakiwa uani penye upepo, macho na pua vimefunikwa kwa taulo, na mbali na jiko, maana gesi iliyomo koponi hushika moto. Kwa mtoto asiyetulia mimi siitumii. Wala msimpeleke mtoto kwa chaki za wachoraji, zile za kuchorea picha, ati kwa kuwa rangi ni rangi. Zile hazikukusudiwa mwili, na baadhi yake hutiwa madini yasiyofaa kuvutwa puani. Neno jingine la siri ya kazi: kama mtoto amekwisha kutiwa dawa ya kunyoosha nywele, jambo ambalo mimi silipendi kwa umri huu lakini naliona kila wiki, magamba anayoyasema mjomba huwa yamefunguka, na rangi ya kupita huingia mahali isipotakiwa, ikakawia. Hapo msije mkasema msusi amesema uwongo.

MWALIMU WA SKULI: Mbona hamkutaja rasta za rangi? Naona watoto wakirudi baada ya sikukuu wamesukwa nywele za bandia nyekundu mpaka kiunoni.

MSUSI: Hizo nazo ni rangi ya kupita, tena isiyopakwa juu ya unywele hata kidogo. Ubaya wake ni uzito na mkazo. Kichwa cha mtoto hakikuumbwa kubeba furushi, na msuko unaomfanya ashindwe kulala usiku wa kwanza ni msuko uliovutwa kupita kiasi. Ukirudiwa mara nyingi, nywele za mbele huanza kung'oka, na zikivutwa miaka huweza zisirudi. Uzi mmoja au nyuzi mbili za rangi ndani ya msuko mwepesi zinatosha. Lakini mama wa siku hizi akilipa anataka aione fedha yake.

MWALIMU WA SKULI: Mimi neno langu ni fupi. Watoto wetu wa kike huja darasani wamevaa ushungi mweupe, kwa hiyo msuko wa zambarau mimi sitauona. Nitakachokiona ni doa la zambarau juu ya kitambaa cheupe, na mtoto amekaa darasani akilifunika kwa mkono badala ya kuandika. Ioshwe usiku wa mwisho wa sikukuu, nami sina ugomvi na mtu.

BIBI: Maalim, mbona wewe umekaa kimya? Au kahawa imekupumbaza?

MAALIM: Nilikuwa nikingoja walau mmoja aulize kuhusu udhu, maana huko ndiko watu hukimbilia wanapotaka kukataza jambo wasilolipenda. Nitalisema kama lilivyo. Kitu kikitia rangi bila kuacha jirimu, kama hina, hakizuii maji, na hilo halina mgogoro. Nta na chaki zina jirimu, zinakaa juu ya unywele, na kwa hiyo katika josho zingezuia maji kufika. Lakini huyu ni mtoto ambaye hajabaleghe, wala josho la faradhi halijamlazimu. Ama udhu wa sala anazofundishwa, katika madhehebu yetu ya Shafii kupaka maji sehemu ya kichwa kunatosha, hata kama ni kidogo, na msuko mmoja uliopakwa rangi haujazifunika nywele zake zote. Apitishe mkono palipo wazi, sala yake ni sahihi. Na kutia rangi nywele si jambo geni katika dini: hadithi iliyopokewa na Imam Muslim yatueleza kwamba Abu Quhafa, babake Abubakar, aliletwa siku ya kufunguliwa Makka kichwa chake kikiwa cheupe pe, Mtume akaamuru weupe ule ubadilishwe, na weusi uepukwe.

BIBI: Huyo alikuwa mzee mwenye mvi. Huyu ni mtoto mwenye nywele nyeusi kama usiku.

MAALIM: Kweli, na ndiyo maana sikusema ni sunna kwake. Nimesema ni mubaha: akifanya hana thawabu, akiacha hana dhambi. Neno ninalowausia ni juu ya nia. Kuna mtoto anayejipamba afurahi, na kuna mtoto anayepambwa ili mwingine asifiwe.

BIBI: Hapo ndipo nilipokuwa nikipatafuta! Namuona jirani, siku ya Idi, mtoto hajala hata kitumbua, amesimamishwa ukutani, geuka huku, inua kidevu, tabasamu, na simu iko mbele ya uso wake mpaka jua limepanda. Picha zikishaenda kwa watu ndipo mtoto anaambiwa nenda kacheze. Kama zambarau ni ya simu, mimi naikataa hata kama inatoka kwa maji ya zamzam.

MAMA: Mama, hilo hukusema tangu mwanzo.

BIBI: Tangu mwanzo nilikuwa sijalijua. Nimelijua kwa kusikiliza.

MJOMBA: Basi na aitwe mwenyewe, tumsikie.

MTOTO: Shikamooni. Mimi nataka msuko mmoja tu, huu wa ubavuni, ili nikigeuza kichwa niuone. Siku ya mosi nataka zambarau, kwa kuwa gauni langu lina maua ya zambarau. Siku ya pili nataka nyekundu. Siku ya tatu sijui bado. Siku ya nne nataka ziwe nyeusi zangu, maana keshoye ni skuli.

BIBI: Na ikikuwasha?

MTOTO: Nitasema. Halafu niifute.

Hapa nawanyamazisha wote, kwa kuwa mtoto amekata shauri ambalo wazee walikuwa wakilizunguka, na hakulikata kwa hoja bali kwa ratiba. Anayetaka zambarau leo na nyekundu kesho hatafuti kugeuka mtu mwingine, na wala hatafuti daraja la bibi arusi ambalo bibi yake anamhifadhia. Anataka kucheza, na mchezo huo hauwezekani ila kwa rangi inayokubali kuondoka. Dawa ya kudumu ingemnyima siku ya pili. Kwa hiyo hofu ya Bibi, kwamba mtoto atavishwa ukubwa kabla ya wakati wake, inaelekea hasa kwa piko, kwa kupausha, na kwa dawa ya kunyoosha, ambazo zote humfunga mtoto kwa uamuzi alioufanya, au aliofanyiwa, akiwa na miaka minane; haielekei kwa kopo la nta.

Mama naye simwachi bila lawama. Aliingia barazani na hoja kwamba hina haiulizwi na rangi isiulizwe, na hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu hina yenyewe ilistahili kuulizwa tangu zamani, na Mjomba ametuonyesha sababu mbili za kutosha. Ningalipenda zaidi lau angalituambia mwanzoni kile alichokisema mtoto mwishoni: ni msuko upi, wa rangi gani, kwa siku ngapi. Mzazi asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hajamsikiliza mwanawe. Amesikiliza tu neno rangi.

Ama simu, mimi siioni haramu, wala Bibi hakuiharamisha. Naona tu kwamba mtoto akisema amechoka kusimama, picha imekwisha, hata kama jua bado halijakaa vizuri. Na akisema katikati ya kupakwa kwamba hataki tena, mkono wa msusi na usimame hapo hapo, nusu ya msuko ikiwa na rangi na nusu haina. Fedha iliyolipwa si hoja. Nimewaona watu wazima wakimshika kichwa mtoto anayelia wakisema tulia upendeze, na sijapata kumuona mtoto aliyependeza kwa njia hiyo.

Hukumu yangu basi ni kwamba akubaliwe, kwa msuko mmoja au miwili, kwa rangi ya kuoshwa iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele, kwa kuiomba mwenyewe, na iwe imetoka usiku wa kuamkia skuli. Na wewe msomaji, ukiwa na binti nyumbani na Idi inakaribia, nunua kopo ambalo viungo vyake vimeandikwa ubavuni, ukayasome maandishi hayo kabla hujalipa. Siku mbili kabla ya sikukuu mpake tone dogo nyuma ya sikio uangalie kama patawasha au patavimba. Na ukimkuta muuzaji anayekuuzia unga mweusi katika kifuko kisicho na maandishi, akikuapia kwamba ni hina tupu, mrudishie unga wake. Utepe wa zambarau unapatikana sokoni Darajani kwa bei ndogo, na hauna haja ya kuoshwa.